Kivuli cha Hashimu

Sauti ya Hashimu ilikuwa ikibishana na mteja kuhusu choo.

"Mzee Nampoto, choo hakiwezi kutazamana na jiko," ilisema kutoka chumbani, kisha ikacheka kile kicheko chake cha puani. Sebuleni, watu waliokuja kumsomea arobaini walibaki wameinua mikono, dua imewakauka mdomoni. Mmoja akajifanya anakohoa. Walikula pilau haraka, wakaaga.

Mtwara ya siku hizo, kila aliyejiajiri alikuwa na msarifu, mtambo mdogo kama kipande cha sabuni ya mche. Malipo yakiingia, msarifu alikata kodi, bima ya afya na akiba ya uzeeni kabla mwenyewe hajayagusa. Ilibidi, kwa sababu aliyejiajiri ndiye bosi na ndiye kibarua, hana wa kumchangia hata senti. Akiugua, msarifu aliamsha kivuli, yaani nakala ya sauti na ujuzi wake, kimshikie kazi mpaka apone. Mchango ukikatika mwezi mmoja tu, bima nayo inakufa.

Hashimu, mchoraji wa ramani za nyumba, alifia mezani, mchoro haujakamilika mbele yake. Kivuli kikaamka kana kwamba mwenyewe ameshikwa na homa tu. Wateja waliendelea kupiga, nacho kikaendelea kuchora. Mfuko wa bima haukuwa na tabia ya kuuliza kama anayechangia bado anapumua.

Wageni walipoisha, Bi Mwanaisha, mama yake Hashimu, alimgeukia mkwewe.

"Somoe, ndiyo mambo gani haya? Mwanangu yuko kaburini, wewe unamtuma kazi?"

"Mama, sikumtuma."

"Na hukumzuia!"

Somoe alifunua upindo wa kanga, akamwonyesha mkwewe figo ya mashine iliyofungwa kiunoni, ikinong'ona taratibu. Chujio lake lilibadilishwa kila wiki kwa bima ya mumewe. Mafao ya mjane yasingenunua hata mpira wa figo hiyo. Aliogopa kufa, na aliona aibu kwamba anaogopa.

Bi Mwanaisha aliitazama ile figo. "Maiti hupumzishwa, mwanangu," alisema, safari hii kwa upole. "Nenda kamwambie."

Neno la kuzima kivuli lilikuwa "funga kazi," na mke aliruhusiwa kulisema. Somoe aliingia chumbani, mkwewe nyuma yake. Ukutani, mistari ya nyumba ya Mzee Nampoto ilikuwa ikijichora yenyewe.

"Hashimu," alisema, "wewe ulishafariki."

"Najua," ilijibu sauti. "Niliona malipo ya sanda yakitoka kwenye akaunti."

Somoe aliusogelea ukuta. "Mbona hukusema?"

"Ningesema, mngenizima. Bima yako ingekwisha."

"Na huchoki?"

"Kipimo cha uchovu cha msarifu nilikizima mwaka ule ulipowekewa figo. Kilikuwa kinanilazimisha kupumzika, na nikipumzika mchango unapungua. Daktari alinionya kuhusu moyo. Nikamwambia nitapumzika tukishakaa sawa."

Somoe aliketi sakafuni. Siku zote aliambiwa ni moyo tu, mipango ya Mungu. Hakuna aliyemwambia kwamba kila chujio alilobadilishiwa lilitoka kwenye usingizi wa mumewe. Alilia kwa sauti, bila kujizuia, zaidi ya alivyolia siku ya mazishi. Kisha akajifuta uso, akasimama. Alikwishaamua: mwanamume huyu ametumikishwa vya kutosha.

"Hashimu, nisamehe," alisema. "Funga..."

Kiganja cha Bi Mwanaisha kilimziba mdomo.

"Nyamaza," alisema yule mama. "Nimezika mtoto mmoja mwaka huu. Siziki wa pili."

Walisimama hivyo, wameshikana. Mistari ukutani ilisita.

"Mama?" iliuliza sauti. "Ni wewe? Shikamoo."

Bi Mwanaisha alijifunika uso kwa kanga. Alijua mwanawe yuko chini ya udongo. Maji ya kumwosha aliyachota yeye mwenyewe. Alijua pia kwamba salamu ya mtoto haiachwi ikining'inia.

"Marahaba, baba," alisema.

Simu ya mteja mwingine ikaita, na Hashimu akaipokea.