Mtu Asiye na Picha

Kisu ndicho kilichowakutanisha, tusidanganyane kwamba ni maua. Kanyiva, fundi wa mapazia, alikuwa Ngara akinunua vitambaa, amevaa gauni lake la manjano. Jamaa akamvuta mkoba. Alipoung'ang'ania, akamchana mkono kwa kisu kuanzia kiwiko hadi kiganja. Mpita njia mmoja akamrukia yule mwizi. Wakagaragazana matopeni, mwizi akamvunja jino na kutoroka. Mpita njia huyo alikuwa Kibe wa Waithaka, karani wa wakili, na tai yake ndiyo iliyofunga kile kidonda.

Mapenzi yakashika moto. Simu asubuhi, simu mchana.

"Ukifunga macho unaniona nimevaa nini?" Kanyiva alimchokoza siku moja.

"Sioni kitu, babe. Ni giza tu. Mimi hufikiria na maneno."

"Hata sura yangu?"

"Hata ya mama. Na bado nawapenda nyote."

Kanyiva alicheka, lakini ilimuuma. Yeye pazia huliona limeshaning'inia dirishani kabla hajagusa mkasi. Na kile kisu alikiona kila siku kikishuka, na uso nyuma yake.

Mchana mmoja, katikati ya jiji, wakiwa wameshikana mikono, akauona uso wenyewe umesimama kando ya benki.

"Mwizi! Ni huyu alinikata!"

Nairobi haiulizi mara mbili. Kijana aliangushwa kwa teke, mawe yakamtua usoni, mtu akaitisha petroli. Kanyiva alitaka afe, asikudanganye mtu. Kibe akajilaza juu ya yule kijana.

"Si yeye. Wa Ngara sikio la kushoto lilikuwa limekatika nusu. Nilijiambia hivyo siku ile, nikarudiarudia mpaka nikaambia polisi. Huyu masikio yote anayo, angalieni."

"Wewe hata uso wangu huwezi kuona, wake ndio utajua?" Kanyiva akafoka. "Toka hapo, Kibe."

Hakutoka. Umati ukampiga pamoja na yule kijana, rungu likamvunja mbavu, mpaka polisi wakafyatua risasi hewani. Kanyiva alikwenda zake kwa hasira. Mpenzi gani huyu anayemkinga mwizi? Simu zake hakuzishika.

Lakini nyumbani, kila alipokikumbuka kile kisu, uso nyuma yake ulikuwa wa yule kijana wa benki, umejaa damu. Aliutafuta ule wa Ngara, aangalie sikio. Haukuwepo tena. Jumapili akaenda Waithaka.

Mama Kibe alimfungulia mlango bila kumsalimia. Kibe alikuwa kwenye kochi, kifua kimefungwa, mdomo umevimba.

"Yule kijana ako aje?" Kanyiva akauliza.

"Yuko hai. Jicho moja ndio limeenda."

"Ni mimi nilifanya hivyo."

"Ni wewe," Kibe akasema, wala hakulipunguza neno. "Tutaenda kumwona, mimi na wewe."

Kanyiva akalia mpaka kamasi zikamtoka.

"Na wewe sasa nakuona uko chini wakikukanyaga. Nikifunga macho ni hiyo picha tu. Nitaitoa aje, Kibe?"

"Mimi sijui picha hutolewa aje, mpenzi. Kaa hapa uone zingine."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tuzeeke. Nikipona nije kwenu niongee na baba yako?"

Kanyiva alijifuta uso kwa kiganja, akavua viatu, akakaa kando yake akimtazama.