Hodi Nyuma ya Maporomoko

Kiti alichokalia Chiriku kwenye basi la kurudi kilikuwa kikavu. Cha pembeni yake, ambacho hakikukaliwa na mtu tangu asubuhi, kilikuwa kinachuruzika maji.

Hapo watu wenye akili wangeshuka. Lakini basi lilikuwa limembeba Redio, kinyozi, na alipo Redio, akili huwa inafuata na gari la nyuma.

Mwanamume huyu hajui kunyamaza. Mteja akiinuka kitini kwake, hata kama kakatwa sikio, ataambiwa, "Asante, karibu tena!" Siku walipomzika baba yake aliwaaga waombolezaji hivyohivyo: "Asanteni, karibuni tena!" Mke wake, fundi cherehani, alitamani lichimbwe kaburi la pili hapohapo. Na binti yao wa miaka mitano, huyo Chiriku, aliurithi mdomo wa baba mzima mzima.

Siku hiyo walitoka alfajiri, mwendo wa saa tano, kwenda kuona maporomoko kwenye hifadhi ya taifa. Askari wa hifadhi aliyewaongoza alisisitiza jambo moja tu: "Mkisikia sauti nyuma ya maji, msiijibu."

Poromoko la tatu ndilo kubwa. Watu wanapiga picha, na nyuma ya yale maji, mahali ambapo hata popo asingepata pa kuning'inia, kitu kikasema taratibu:

"Hodi."

"Karibu!" Redio akapaza sauti. "Pita tu, kwetu hatufugi mbwa!"

Watu wakavunjika mbavu. Na wewe usijifanye mjanja. Ukibishiwa hodi hapo ulipo, mdomo wako utasema nini? Askari wa hifadhi peke yake hakucheka. Alivua kofia, akawa wa kwanza kupanda njia ya kurudi.

Kesho yake chumba cha Chiriku kilinuka mawe mabichi na majani yaliyooza. Redio akaketi kitandani amsalimie mtoto.

"Baba, usikae hapo. Umemkalia mgeni."

Akacheka. Alipoinuka, suruali ilikuwa imelowa chapachapa. Na baada ya hapo Chiriku akaacha kusema.

Siku ya pili nywele za mtoto hazikukauka hata kwa taulo tatu. Siku ya tatu, saa saba mchana, bomba likiwa limefungwa, ukuta ulianza kunguruma, ngurumo ya mbali, kama ya maji yanayoanguka mahali pasipo na mtu, na mama yake alipombeba, mwili wa baridi kama samaki, akamwinamia na kumbembeleza, "Sema hata 'sitaki', mwanangu, sema chochote," Chiriku akafungua kinywa, na kilichotoka hakikuwa sauti ya mtoto bali ngurumo ileile, ikaendelea, ikaendelea, mpaka mama akamziba mdomo kwa kiganja na kiganja kikalowa.

Siku ya nne aliletwa mganga, mama mmoja mfupi, miwani imefungwa kwa uzi. Hata mkoba hakufungua.

"Nani alimwambia karibu?" akanong'ona.

Mke akamnyooshea mumewe kidole.

"Basi mwenyeji ni wewe. Mimi siwezi kumtoa mgeni wa mtu. Fungua mlango, sema 'nenda', kisha ufunge mdomo. Jua likizama akiwa bado yumo, ataondoka na mtoto."

"Huyu ndiye afunge mdomo?" mke akasema kwa sauti ya chini. "Mama, huna dawa nyingine?"

Redio akafungua mlango. "Nenda," akasema.

Baridi ikampita magotini, na nyayo za maji, ndogo kama za mtoto, zikajitokeza sakafuni moja baada ya nyingine, kutoka chumbani, kupita sebuleni, kuvuka kizingiti, kuelekea getini, na ukuta ukanyamaza, na chumbani Chiriku akakohoa na kupiga kelele, "Mama! Njaa!" na mke akaangua kilio, na Redio, kwa furaha, akaegemea mlango kama anavyouegemea kila jioni mteja wa mwisho akitoka, na mdomo, ule mdomo wake, ukajisemea wenyewe:

"Asante, karibu tena."

Mganga akaokota mkoba wake.

Kule getini, nyayo zikasimama. Chumbani, kelele za Chiriku zikakatika ghafla. Na kutoka nje, kwa sauti ya Chiriku, nyembamba, yenye adabu zote, kitu kikajibu:

"Asante. Nimeshakaribia."