Kibomba Kilichobaki Koponi

Kila Jumamosi asubuhi, kuku wa jirani wakiwa bado wanagombania makombo, Nati alikuwa ameshafagia gereji ya mama yake. Alinyunyiza maji kutuliza vumbi, akatandika gunia kuukuu sakafuni, kisha akapanga spana kuanzia ndogo hadi kubwa. Mama yake alikuwa fundi wa pikipiki, na jina hilo la Nati alimpa yeye mwenyewe. "Huyu binti yangu," alipenda kuwaambia wateja, "mdogo, mgumu, na akijikaza hafunguki mpaka umpake mafuta!"

Wateja walicheka, na Nati naye alicheka. Siku hizo gereji ilikuwa ya watu wawili tu, yeye na mama.

Kisha akaja Mpole. Alikuwa mtoto wa mama mkubwa wa Nati. Mama yake alipata kazi mbali, basi binti akaletwa kukaa nao mpaka mambo yatengemae. Alikuja na begi moja na adabu tele. Hakujibizana na watu, hakumwaga chai, hakusahau kurudisha kitu mahali pake. Lo! Haikupita muda, mama akawa na wimbo mmoja tu: "Mpole ana mkono mwepesi. Nati, mwangalie mwenzako. Umeona Mpole alivyofanya?" Nati alikuwa ameona mpaka amechoka kuona. Kila sifa aliyopewa Mpole ilimuuma kana kwamba imemegwa kwenye fungu lake.

Jumamosi moja nesi wa zahanati aliingia akiikokota pikipiki yake. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga kisanduku cha chanjo.

"Fundi, niokoe leo," alisema. "Nikikata kona, huku nyuma kunayumba kama kunataka kwenda njia yake. Jana nusura niingie mtaroni. Na kina mama wananisubiri na watoto wao ng'ambo ya kilima, na barafu ya humu ndani haiwezi kukaa mpaka jioni."

"Pole, nesi. Kaa hapo upumue," mama alimjibu. Aliisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma likawa juu juu. Akawageukia mabinti. "Haya, mafundi wangu. Ugonjwa uko wapi?"

"Tairi limepungua upepo!" Nati aliropoka kabla Mpole hajafungua mdomo.

Mama alilibonyeza tairi. Lilikuwa gumu. Akapapasa spoki za gurudumu, hakuna iliyolegea. "Si upepo. Mpole, wewe unasemaje?"

Mpole alichuchumaa. Alishika tairi mkono mmoja juu na mwingine chini, akalivuta na kulisukuma. Likacheza. Kisha akalizungusha polepole, sikio lake karibu na kitovu cha gurudumu. "Mama mdogo, humu ndani kuna kitu kinasaga kama mchanga."

"Beringi zimekwisha hizo!" mama alishangilia. "Jamani, sikio la mtoto huyu! Leo Mpole utapachika mpya kwa mkono wako. Nati, wewe utaosha vyuma."

Kuosha vyuma! Nati alinuna, midomo ikamtoka mbele. Kupachika beringi, zile pete za gololi za kitovuni, ndiyo kazi aliyoiomba tangu likizo iliyopita, na kila mara aliambiwa, "Subiri, utapewa." Kumbe kazi yenyewe ilikuwa ikimsubiri mwenye begi!

Mama alitoa cheni, akachomoa ekseli iliyopita katikati ya gurudumu, akalilaza juu ya gunia. Alipenyeza chuma kirefu kwenye tundu la kitovu, akagonga. Beringi moja ikatoka, imeota kutu, gololi zake zinalegalega. Ikafuata kibomba kifupi cha chuma, kisha beringi ya pili. Mama alivitumbukiza vyote katika kopo la mafuta ya taa mbele ya Nati, akampa Mpole beringi mpya. "Gonga ukingo wa nje tu," alimwambia, "ule wa ndani usiuguse." Mara mteja mwingine akaita kutoka mlangoni, naye akatoka kumsikiliza.

Mpole aligonga kwa uangalifu, tak, tak, tak. Beringi ya kwanza ikakaa sawasawa. Akaligeuza gurudumu, akachukua ya pili.

Hapo ndipo Nati alipoona. Kibomba kilikuwa bado chini ya kopo. Yeye alijua kwamba hukaa katikati ya beringi mbili ili zisibanwe ekseli inapokazwa. Mpole hakujua, maana ilikuwa mara yake ya kwanza. Neno moja tu lingetosha. Lakini Nati alijisemea moyoni, "Si ana mkono mwepesi? Mwache tumwone." Akainamisha kichwa, akaendelea kusugua kutu.

Mama aliporudi, alilirudisha gurudumu na kuikaza nati ya ekseli. Alipolizungusha, liligoma. Alijaribu tena, likagoma tena. Akafungua kila kitu, akachungulia ndani ya kitovu, na uso ukambadilika.

"Mpole! Kibomba cha katikati kiko wapi?"

"Kibomba gani, mama mdogo?"

"Unaniuliza mimi? Nisingelijaribu, nesi huyu angefika kwenye mteremko na beringi zimesagika, angekuwa mgeni wa nani? Kwanza beringi yenyewe uliyopachika, nikiigonga kuitoa imeharibika! Inuka hapo, kanawe mikono!"

Haya, Nati alikuwa amepata alichokitaka. Mama alikuwa anamfokea Mpole mbele ya watu. Mbona basi raha yenyewe haikuja? Nesi alifungua kisanduku, akagusa barafu, akaangalia jua. Mama alikuwa amepiga magoti akipapasa chini ya meza. Nati alichovya mkono koponi, akashika kile chuma. Uongo ulikuwa tayari mdomoni: "Kumbe kimo humu!" Nani angejua?

"Mama mdogo, nisamehe," Mpole alisema kwa sauti ndogo. "Labda ni mimi niliyekipoteza. Nitakitafuta mpaka kionekane."

Machozi yakamtoka Nati. "Hukukipoteza! Mama, ninacho hapa. Nilimwona anakiacha, nikanyamaza makusudi."

Mama akapokea kibomba, akakifuta, akakipaka grisi. "Kazi kwanza," alisema. Aliigonga ile beringi ikatoka, akafungua droo, akachukua nyingine. Safari hii mama mwenyewe aliweka kibomba mahali pake, Mpole akapachika beringi, na Nati akashikilia gurudumu lisicheze. Walipolikaza na kulizungusha, lilizunguka bila kusaga. Nesi aliijaribu pikipiki mpaka mwisho wa barabara, akarudi akicheka, akafunga kisanduku chake na kuondoka mbio.

Nati alimgeukia Mpole. "Nisamehe. Nilikuonea wivu. Kila siku unasifiwa wewe."

Mpole alimkodolea macho. "Wewe? Mimi ndiye ninayekuonea wivu! Wewe ukiita 'Mama', anaitika hapo hapo. Mimi wangu namsikia kwenye simu."

Mama aliketi juu ya gunia, akawavuta wote wawili karibu, mmoja huku na mwingine huku.

"Mpole, nimekufokea kwa kosa lisilo lako. Nisamehe, mwanangu. Na wewe Nati, nimemsifu mwenzako nikakusahau. Hilo ni kosa langu, na siku nyingine moyo ukikuuma, njoo uniambie, hata kama nina nyundo mkononi. Lakini nisikilize vizuri. Ukiona ubovu ukanyamaza, ubovu huo umeufanya wewe. Na kabla hujanyamaza tena, jiulize: uliyemkasirikia ni Mpole, lakini aliyekuwa anapanda pikipiki hiyo ni nani?"