Ngata Yenye Fundo

Alfajiri ile bomba lilikohoa, likatoa upepo, likanyamaza. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaangaliana. Kila siku, kabla jua halijachomoza, Mama Koki huwa ameshafungua maji, na tangu akabidhiwe kazi hiyo hakuwahi kuwachelewesha. Mjamzito mmoja akaacha ndoo zake, akazunguka nyuma ya ukuta kwenda kumwita. Alikuta mfuniko wa chuma wa tangi la ardhini umefunuliwa, ndoo imewekwa ukingoni na ngata ya kitambaa ya kujitwikia kando yake. Akachungulia ndani. Mayowe yake yaliamsha mtaa mzima.

Inspekta alipofika, maiti ilikuwa imeshaopolewa na kulazwa juu ya turubai. Inspekta mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye hasira za karibu, na pale kituoni walimpenda na kumwogopa kwa kiasi kilekile. Alipiga magoti. Mama Koki alikuwa fundi wa maji wa mtaa ule, mwanamke wa kwanza kushika spana pale, na jina lake alipewa na wanaume kwa dhihaka kabla halijawa jina la heshima. Buti zake za kazi zilikuwa bado miguuni. Kisogoni fuvu lilikuwa limebonyea.

"Ajali mbaya sana, afande," alisema Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee nadhifu, shati limepigwa pasi likanyooka. "Alikuja kuchota maji ya nyumbani kwake, akainama, akateleza. Wanawake na maji tena, unajua."

"Mtu akiinama akaanguka mbele, anaumia kisogoni?"

Mwenyekiti alinyoosha kola ya shati lake. "Basi muulizeni mumewe. Hawakuwa wakipatana, hilo kila mtu analijua. Mke anarudi jioni na grisi hadi kwenye viwiko, mume yuko kibandani kwake ananyoa watu huku wanamcheka. Mwanaume gani atavumilia?"

Inspekta aliinua ile ndoo, akainusa. Ilinuka dawa ya kudekia. Ngata akaitia kwenye mfuko wa ushahidi kama ilivyo, kisha akamfuata Mwenyekiti ofisini kuandika maelezo yake. Kilikuwa chumba kimoja kinachopakana na tangi. Palikuwa na viti vya plastiki, bango la wanawake wanaotabasamu karibu na bomba, na meza ya mbao iliyopaushwa na jua la dirishani, isipokuwa katikati, ambapo mraba mkubwa ulibaki na rangi yake ya zamani. Inspekta aliweka daftari lake pale katikati, akaandika.

"Kamati yetu ni nusu kwa nusu," Mwenyekiti alisema kwa fahari. "Wafadhili walitaka wanawake, tukawaweka, hata marehemu."

Nje, yule mjamzito alikuwa ameketi juu ya ndoo yake. Alieleza kwamba jana Mama Koki alipita kwenye foleni akiwasihi waje kwenye mkutano wa leo wao wenyewe, wasiwatume waume zao. Alikuwa na jambo la kusema. Jambo gani, hakutaja. Ila tangu mtoto wa mwisho wa Mama Koki afariki kwa kuharisha wakati wa masika, pamoja na watoto wengine wa pale, alikuwa haachi kulikagua lile tangi.

Adhuhuri kinyozi, mume wa marehemu, aliketi mbele ya Inspekta, kofia ya sufu imevutwa hadi kwenye nyusi. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba.

"Ulikuwa wapi alfajiri?"

"Kitandani."

"Jirani yako alikuona ukitoka giza bado halijaisha."

"Nilienda msalani."

"Ukarudi jua limeshatoka? Choo chenu kiko ng'ambo ya mto, shemeji?"

Kinyozi aliivuta kofia yake chini zaidi.

"Mlikuwa mnagombana?"

"Tuligombana."

"Kuhusu nini?"

"Mambo ya ndani ya nyumba."

Inspekta alijua kabisa kwamba mtu huyu anadanganya. Akamweka mahabusu. Mkuu wa kituo aliridhika papo hapo. "Mume. Huwa ni mume," alisema. "Andaa jalada, kesho afikishwe mahakamani kwa mauaji." Kwenye benchi la mapokezi, bibi alikuwa amempakata msichana mdogo aliyevaa sare za shule. Huyo ndiye mtoto aliyebaki. Mama yake alikuwa chumba cha maiti, na kesho angempoteza na baba. Inspekta alipita mbele yao akiangalia ukutani.

Alimwita pia fundi wa zamani, aliyeitwa Spana, ambaye Mama Koki alirithi kazi yake. Aliingia mkono wa kulia ukiwa ndani ya plasta tangu bega hadi vidoleni, uliovunjika alipoanguka kutoka kwenye mnara wa maji.

"Nilimchukia, sikatai," alisema. "Mwanamke kunipokonya kazi, we! Lakini ule mfuniko unataka mikono miwili na mgongo mzima. Mimi hata shati navalishwa."

"Mlizungumza naye karibuni?"

Spana alikuna plasta yake. "Alinijia wiki iliyopita. Aliniuliza shimo la choo la vyumba vya kupangisha vya Mwenyekiti lilichimbwa kabla ya tangi au baada. Nikamfukuza. Nilimwambia aende akapike." Akashusha sauti. "Lilichimbwa baada, afande. Tulilisogeza karibu na tangi, Mwenyekiti akasema hakuna atakayejua."

Inspekta alirudi mezani kwake akiwa na sababu ya mtu kuua, lakini bila kitu cha kumshika nacho. Akaitoa ile ngata mfukoni. Akafunga mlango, kwa sababu askari wa kiume wangemcheka, akaiweka utosini na juu yake akajitwika sanduku la majalada. Mara kitu kikamchoma. Akaishusha na kuitazama vizuri. Kitambaa kilikuwa kimeviringwa, kisha ncha mbili zikafungwa fundo kubwa, gumu, na fundo lenyewe liko upande unaolalia utosi.

Inspekta alibeba maji mpaka siku aliyoingia polisi, na mama yake alibeba mpaka akazikwa. Ngata haifungwi. Unaviringa, ncha unaichomeka ndani, basi. Hakuna mwanamke wala msichana angejitwika ndoo juu ya fundo namna ile. Ngata hii ilitengenezwa na mtu aliyewaona wanawake wakibeba maji maisha yake yote na hajabeba hata siku moja.

Kwa hiyo ni mwanaume, akawaza, na mwanaume ninaye ndani. Alichukua khanga kuukuu, akaenda mahabusu, akamrushia kinyozi.

"Tengeneza ngata."

Kinyozi alikuwa hoi, hakufikiri. Vidole vyake viliviringa khanga mara moja, mara mbili, vikachomeka ncha na kuigonga kwa ngumi ikalala sawasawa. Alipoiona mikononi mwake ndipo alipozinduka, akataka kuifumua.

"Iache," Inspekta alisema. "Vua kofia."

"Afande, nakuomba..."

"Vua."

Utosini nywele zilikuwa zimelika, pamebaki kipara kidogo cha mviringo. Mama yake Inspekta alikuwa na kipara kama hicho, mahali hapohapo. Inspekta akaketi sakafuni, hasira zote zimemwishia.

"Maji ya nyumbani kwenu anachota nani, shemeji?"

Kinyozi alilia kwanza. "Mimi. Tangu alipopewa kazi. Alikuwa anachoka, na mimi nampenda mke wangu. Lakini wateja wangu wangenimaliza. Kwa hiyo naondoka na giza, nakwenda chemchemi ya kule machimboni, mbali, wasinione. Kuna bibi anafua pale kila siku, ananifahamu. Ugomvi wetu ndio huo. Alitaka nipange foleni bombani kama watu wengine. Nikamwambia wataniita mke wa Mama Koki."

"Na ungekubali kufungwa maisha kuliko kusema hivyo?"

Kinyozi aliirudisha kofia kichwani. Bibi wa machimboni alithibitisha kila neno, akashangaa polisi wanahangaika na mtu mstaarabu kama yule.

Jioni, jua likiwa bado kali, Inspekta aliwakusanya wanakamati ofisini. Wanawake wa foleni walijaa mlangoni, na kinyozi alisimama nyuma yao kati ya askari wawili. Mwenyekiti aliketi kwenye kiti chake.

"Umesema marehemu alikuja kuchota maji," Inspekta alianza.

"Ndoo si mmeiona? Na ngata yake?"

"Ile ndoo ni ya kudekia ofisi hii. Nani anaitumbukiza kwenye maji ya kunywa?"

"Haraka zake tu."

"Lakini mama yule hakuwa akichota maji."

Mwenyekiti alicheka. "Mwanamke gani hachoti maji? Kwani alikuwa akichotewa na nani?"

Kisha sauti ikatoka mlangoni, kavu, mbele ya mtaa mzima.

"Mimi."

Watu waligeuka. Kinyozi alikuwa amevua kofia.

Inspekta alifungua lile fundo, akakikung'uta kitambaa na kukitandika mezani. Hakikuwa khanga. Kilikuwa kitambaa cha meza, kina alama ya kahawia ya kikombe cha chai pembeni, na kiliufunika ule mraba wa rangi ya zamani bila kupungua wala kuzidi. Alama ya kikombe iliangukia mbele ya kiti cha Mwenyekiti.

"Hii chai ni yako," alisema mwanakamati mmoja, mama aliyekuwa akiitenga chai hiyo katika kila kikao. "Nimekifua mara ngapi, haitoki."

Mwenyekiti alikisukuma kitambaa mbali naye. Aliposema, hakuonyesha majuto. Alionyesha kuudhika.

"Nilimweka kwenye kamati ili akae. Sikumweka aseme! Akaniita alfajiri, akafunua tangi, akaniambia ninuse. Eti nisimame mkutanoni nikiri kuwa choo changu kinavujia humu. Akaanza kunitajia watoto waliokufa masika, mmoja mmoja, kwa majina. Wa kwake akamtaja mwisho." Akapangusa midomo. "Alipoinama kunionyesha ufa, ule mtaimbo wa kuinulia mfuniko ulikuwa mkononi mwangu."

Ilibidi askari wamzungushie mikono ili atoke salama katikati ya wale wanawake.

Tangi likafungwa, ikabaki chemchemi ya machimboni. Asubuhi baada ya maziko Inspekta alisimamisha gari kando ya njia. Foleni ilipita, ndefu, na katikati yake kinyozi, kichwa wazi, ngata utosini, ndoo imejaa. Mbele ya kibanda chake wanaume wawili walipiga mluzi. Hakugeuka. Alipofika usawa wa gari alisimama, maji yakimtiririka shingoni.

"Mimi ndiye huwa naondoka wa kwanza mtaani, afande," alisema. "Ningekuwa nachota pale bombani, siku ile ningekuwa upande wa pili wa ukuta. Ningemsikia."

Kinyozi akaiweka sawa ndoo yake, akaendelea na safari.