Mama Mdogo na Macho ya Watu

Kila asubuhi Kidoti alipiga pasi sare yake ya shule huku mama mdogo wake, msusi wa saluni ya jirani, akisimulia ya jana. Mteja akichelewa, basi "nusura nife!" Mtu aliyekutana naye juzi, tayari ni "ndugu yangu kabisa."

Siku ya wazazi Kidoti alipanda jukwaani kusoma insha aliyoihangaikia wiki tatu. Hajamaliza aya ya kwanza, mama mdogo, katika gauni la kumetameta, akapiga ukelele na kujitupa chini. Ukumbi mzima ukamkimbilia. Hakuna aliyemkumbuka msomaji.

Nyumbani Kidoti alibamiza mlango. "Mama, anajifanya! Kila siku yeye tu! Nimechoka!"

"Hata mimi, mwanangu. Nimemsema mpaka mdomo umekauka."

Mama alimshauri mdogo wake aende kwa daktari wa afya ya akili. Aliposikia kwamba atasikilizwa saa nzima, alikubali upesi. Baada ya vikao kadhaa, daktari akawaita Mama na Kidoti waje naye.

"Ana tatizo la haiba, yaani la namna anavyohisi na kuhusiana na watu," daktari alieleza. "Asipotazamwa hujiona kama hayupo. Hisia zake hupanda upesi, naye huzikuza, mara nyingi bila kujua. Chanzo chake hakijulikani chote. Huenda mtu huzaliwa na mwelekeo huo, na malezi nayo huchangia."

Mama mdogo akasema kwa sauti ndogo, "Tulizaliwa tisa. Nilipakatwa nilipougua tu. Nikipona, nasahauliwa."

Mama akainamisha kichwa. "Ni kweli."

Kidoti alikuwa bado amenuna. "Lakini aliniharibia siku yangu!"

"Alikuharibia," daktari alikubali. "Ugonjwa unaeleza kosa, haulifuti."

"Nisamehe, mwanangu," mama mdogo akasema. Hakulia. Kidoti akageuza uso.

Miezi ikapita, matibabu yakiendelea. Jioni moja Kidoti alikuwa akisimulia mechi ya shule, mama mdogo akaanza kuguna na kushika kifua.

"Mama mdogo, unaumwa kweli?"

Mama mdogo akashusha mkono. "Hapana."

"Basi ngoja nimalize. Kisha nitakusikiliza wewe."

Mama mdogo akakunja mikono, akangoja. Zamu yake ilipofika, Kidoti alimsikiliza hadi mwisho.

Mama akamshika binti yake bega. "Umefanya vyema. Kumwelewa mtu si kumwachia atukanyage. Tumwambie ukweli bila kumcheka, na tumjali hata anapokuwa mzima na ametulia."