Kamera Isiyopuliziwa

Wingu lilikuwa limeshapanda juu ya mapaa ya soko, jeusi, limevimba, na Mama Radi bado yuko dukani anabishana bei.

Jina hilo hakulipata kwa kuzaa. Alilipata kwa kazi yake ya kuzifuata dhoruba: wenzake wakikimbilia ndani, yeye hutoka nje na kamera, na picha zake huonyeshwa kwenye taarifa ya hali ya hewa. Dereva wake alikuwa mdogo wake wa kiume, Gia, kijana ambaye hajui kuendesha polepole. Wazazi walipofariki alimlea mwenyewe, tangu Gia akiwa na miaka sita. Hakuwa na mwingine duniani.

Kamera yake ya zamani iliingia maji msimu uliopita. Na leo, wingu la mwaka hilo hapo, naye mikono mitupu!

"Hii ya kwanza nzuri, fundi, lakini itanilaza njaa. Hii ya pili?"

"Hiyo ikinyeshewa tu, imekufa."

"Na ile kule nyuma?"

Fundi aliileta shingo upande. Kamera ya nyuma ilizibwa kwa mpira kila kiungo, kioo chake safi, na bei yake haikufika nusu ya ile ya pili. Mama Radi aliiwasha, akaisogeza mdomoni. Ndivyo alivyozoea kujaribu maiki: unaipulizia, kisha unasikiliza kama itauweza upepo.

Fundi akamdaka mkono.

"Usiipulizie, mama."

"Kwa nini?"

"Mwenyewe alinikataza. Naye alikuwa wa kazi kama yako." Fundi alishusha sauti. "Aliileta nimbadilishie kitufe. Hakutaka kuiacha, nikamlazimisha. Alipofika pale mlangoni... akaanguka. Moyo, walisema."

Harufu ya mvua iliingia dukani. Rahisi huvunja upishi, Mama Radi alilijua hilo. Lakini mwenye njaa hana miiko. Akalipa.

Garini, Gia alipomuuliza mbona amenyong'onyea, hakumwambia kitu. Aliona haya. Mtu mzima na hadithi za kutishia watoto! Hapo ndipo alipokosea, na mpaka leo anajilaumu.

Waliikuta dhoruba nje ya mji, mahali pa wazi pasipo hata nyumba moja. Upepo ulilitikisa gari. Radi zilishuka mbili mbili, na kamera ilizinasa zote. Kwa robo saa Mama Radi alisahau kila kitu, akawa na furaha kabisa. Kisha matone yakatapakaa kwenye kioo cha kamera, akafunga dirisha.

"Lete nikufutie, dada," Gia akasema, na kabla hajamaliza ameshaichukua. Siku zote kazi hiyo ilikuwa yake: hukihemea kioo, akakifuta kwa pindo la shati.

"Gia, usi..."

Haaa.

Akafuta. Akamrudishia.

Na kutoka kwenye spika ndogo ya kamera, taratibu...

Haaa.

"Umenirekodi?" Gia alicheka.

Mama Radi aliizima kamera. Ikaendelea. Akatoa betri. Ikaendelea... ikivuta na kutoa, ikivuta na kutoa, pumzi ya mtu aliye karibu sana. Gari lilianza kunuka matope.

"Gia," alinong'ona, "hebu bana pumzi."

"Dada, una nini?"

"Bana!"

Wakabana wote wawili, Mama Radi akihesabu kimoyomoyo. Kamera peke yake ndiyo iliyopumua. Alipofika hamsini, mapafu yakamwaka, akaachia. Gia alikuwa bado anamtazama, ametulia, kifua hakipandi wala hakishuki. Mia moja. Mia mbili.

"Inatosha?" Gia akauliza.

Kioo cha dirisha la Mama Radi kilikuwa kimejaa ukungu wa pumzi zake. Cha upande wa Gia kilikuwa kikavu.

Woga ulimpanda hadi kichwani. Akafungua dirisha, akaitupa kamera gizani kwa nguvu zake zote.

"Twende! Ondoa gari!"

Gari lilisogea hatua ishirini, thelathini. Likapunguza mwendo. Likasimama.

Kichwa cha Gia kilikuwa kimelala juu ya usukani, midomo ina rangi ya majivu.

Mama Radi alishuka mbio. Alipapasa matopeni kwa mikono miwili, akilia, akimwita Gia kwa jina alilopewa na mama yao, jina ambalo sasa walibaki kulijua wao wawili tu. Radi ndiyo iliyomwonyesha kamera ilipo. Akakimbia nayo, akaibandika kifuani pa mdogo wake.

Haaa.

Gia akafumbua macho.

"Mbona umelowa hivyo, dada?"

Tangu jioni ile Gia haendi popote bila kamera. Mama Radi alimshonea mkoba wa kuivaa begani, akamwambia kuibeba ndiyo kazi yake. Gia analalamika. Mpira umeanza kupasuka, anasema, na siku hizi kuna kamera nzuri za bei poa, hii tuiuze. Anakula vizuri. Anacheka. Anaendesha gari kama kichaa, kama zamani.

Lakini upepo ukivuma, ile pumzi ndani ya kamera husita, kama inamsikiliza mtu anayeiita kutoka mbali. Na Gia hunyamaza katikati ya neno, macho wazi, mkono hewani. Dada yake huukumbatia ule mkoba, akaanza kuhesabu mpaka pumzi irudi.

Juzi alihesabu hadi saba.

Jana, kumi na moja.