Nikiwa na Uwezo, Nitakuoa

Ilikuwa mwaka 2016, katikati ya kiangazi. Mwashi alikuwa juu ya jukwaa, akisimamisha ukuta wa chumba cha tano cha nyumba yake mwenyewe, mchumba wake alipoingia jengoni. Mwanamke huyo alikuwa mshonaji wa sare za shule, na utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni.

"Shuka. Shangazi anataka jibu leo."

"Jibu la nini tena?"

"Yule mgane mwenye duka la vitambaa ameleta posa."

Mwashi alicheka. "Anatafuta mke, au fundi wa bure?"

"Angalau yeye ametaja siku."

"Nami nimekwisha kukuambia. Nikiwa na uwezo, nitakuoa."

"Uliniambia hivyo ukiwa umepanga chumba kimoja. Ulipopata kiwanja, bado. Ulipoezeka, bado. Ulipotia madirisha, bado."

"Mpenzi, dirisha moja halimpi mtu uwezo."

"Wala tofali moja, wala mfuko mmoja wa saruji. Kwa hesabu hiyo nitazikwa nikiwa mchumba."

Mwashi alishuka polepole, timazi likining'inia mkononi.

"Ukuta ukipinda, unajuaje?" aliuliza mshonaji.

"Naangusha timazi. Uzi haunifichi."

"Basi liangushe kwenye neno lako. Nionyeshe ukata unapoishia na uwezo unapoanzia."

Mwashi aliufuta mwiko wake, ingawa ulikuwa safi. Simu ya mshonaji ikalia. Ulikuwa ujumbe wa shangazi. Akausoma kwa sauti:

"Mwanangu, mgeni yuko sebuleni. Miaka yote nawaambia watu kwamba una mchumba. Je, unaye?"

"Mwambie asubiri kidogo," alisema mwashi.

"Kidogo kiasi gani?"

Mwashi aliuweka mwiko chini.

"Kijana aliyeniahidi alikuwa akiningoja mlangoni pa kiwanda, hata mvua inyeshe. Ndiye wewe?"

"Ni mimi yule yule. Nimebadilika nini?"

"Uliacha kunisindikiza. Kisha ukaacha kupiga simu asubuhi. Kisha ukaanza kwenda kazini kwa njia isiyopita kwangu."

"Hayo ni mambo madogo madogo."

"Yote yalikuwa madogo. Ndiyo maana sikupiga kelele."

Mwashi aliketi juu ya rundo la matofali, akainamisha kichwa.

"Sikuja kudai harusi," alisema mshonaji. "Nakudai jibu. Ndiyo au hapana. Usinitilie kidogo, usinitilie bado."

"Nikisema hapana, utaniuliza ilianza lini."

"Nitakuuliza."

"Sijui. Kila asubuhi nilijipima, nikajiona nakupenda kama jana. Jana nayo nilikuwa nimejipima kwa juzi. Leo nikikukumbuka ulivyokuwa moyoni mwangu mwanzoni, naona ni mtu mwingine aliyependa."

"Na uwezo?"

"Nilikuwa nao tangu vyumba viwili. Vingine nilijenga ili nisikuambie."

Machozi yalimtoka mshonaji, naye hakuyafuta. Kisha akabonyeza namba ya shangazi, akamnyooshea mwashi simu.

"Mimi umeniambia. Sasa mwambie aliyekuwa akinitetea. Hilo nalo ni deni."

"Unataka kuolewa na mgane?"

"Mgane nitamjibu mwenyewe. Wewe lipa lako."

Mwashi alisimama, akavua kofia, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, shangazi. Ni mimi. Naomba unisikilize hadi mwisho. Sitamwoa. Hakunikosea kitu. Mimi ndiye niliyemweka akingoja miaka yote."